Dirisha la Ghala

Katika maisha yangu ya ualimu nilikabidhiwa funguo nyingi. Nyingine zilikuwa za madarasa, nyingine za kabati la vitabu, na moja, iliyokuwa nzito kuliko zote, ilikuwa ya stoo ya shule. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kuandika ubaoni bila kupindisha mstari, na namna ya kusimama mbele ya watoto. Juu ya kutunza mali tulipata vipindi vichache tu, na wengi wetu tulivisikiliza huku tukingoja kengele ya chakula. Makosa yangu makubwa katika kazi hayakutokea darasani. Yalitokea stoo. Nimekaa nayo moyoni miaka mingi, na pengine ningekwenda nayo kaburini, kama si kijana mmoja niliyemfundisha zamani ambaye alikuja kunitembelea hapa Nyamiaga mwezi wa Desemba mwaka 2023.

Kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, anafanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam. Alinikuta kibarazani nikichambua maharage.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kazi gani hiyo isiyokuacha hata wakati wa likizo?” Maana alikuwa na kompyuta yake ya mkononi kwapani.

Akacheka, akasema, “Mwalimu, wiki hii nimefungua dirisha la ghala.”

Nilidhani anajenga. Akaniambia kwamba ghala lenyewe si la matofali, ni la taarifa, na dirisha lenyewe ni ukurasa wa kutazama mambo yaliyomo ndani yake. Nikamwambia akae, anieleze polepole kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne. Maelezo yake yalinichukua mchana kutwa kuyaelewa. Hapa nitajaribu kuyaandika kwa mpango, kwani nimegundua kwamba habari hii ina historia ndefu kuliko kompyuta zenyewe.

Alianza na kontena. Sisi wa Ngara tunalijua kontena. Kwanza lilikuwa sanduku la chuma linalobebwa na lori kutoka bandarini, kisha likawa duka, kisha likawa ofisi. Sanduku hili lina siku yake ya kuzaliwa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Aliyeipanga safari hiyo alikuwa mwenye malori, Malcom McLean. Kabla yake mizigo ilipakiwa gunia kwa gunia na kasha kwa kasha, na kila mara iliposhushwa kitu kilivunjika au kilipotea. Baada yake mzigo ulifungwa mara moja, ukahama kutoka meli hadi treni hadi lori bila kufunguliwa.

Watu wa kompyuta waliiona hekima hiyo wakaiiga. Programu nayo, pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, hufungwa katika kitu wanachokiita kontena, ikahamishwa kutoka kompyuta hii kwenda ile bila kubadilika. Lakini makontena yakishakuwa mengi, mamia kwa maelfu, anatakiwa wa kuyapanga: hili likae wapi, lile likianguka nani alisimamishe tena. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Inatawala kundi la kompyuta nyingi kana kwamba ni moja, na kundi hilo wenyewe huliita klasta. Jina Kubernetes ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo cha baharini. Nilifurahi kukumbuka kwamba neno hilohilo lilipita katika Kilatini, likaingia Kiingereza, na sisi wa Tanganyika likatufikia katika sura ya gavana. Kwa hiyo hata ndani ya kompyuta yuko gavana.

Sasa gavana huyu ana tabia moja ambayo lazima uijue, msomaji, ndipo uelewe ghala. Hana huruma na makontena. Kontena likiugua analiua na kuanzisha jingine mahali pake, na lililokufa hufa na kila kilichoandikwa ndani yake. Kwa programu ya kupiga hesabu tu si neno. Lakini kama ndani kulikuwa na majina ya wagonjwa, au alama za mitihani, au akiba za watu, je? Ndiyo maana taarifa haziwekwi ndani ya kontena. Huwekwa nje, katika ghala ambalo makontena yanakuja na kuondoka lakini lenyewe linabaki.

Ghala aliloliweka kijana wangu linaitwa Ceph. Lilitungwa na Sage Weil alipokuwa akisoma shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na tasnifu yake aliimaliza mwaka 2007. Jina limekatwa kutoka jina la kitaalamu la ukoo wa pweza na ngisi, nalo linafaa kwa sababu ghala hili lina mikono mingi: kila kitu unachokiweka hunakiliwa kwa kawaida mara tatu, na kila nakala hukaa katika diski nyingine, juu ya kompyuta nyingine. Diski moja ikifa, mbili zinabaki. Na ili Ceph aishi ndani ya milki ya Kubernetes, yupo msaidizi aitwaye Rook, ambaye humsimika, humlisha na kumwinua anapoanguka. Ghala la namna hii lina nguvu sana. Lina kasoro moja: kwa macho ya mtu halionekani. Limetapakaa. Hakuna mlango unaoweza kuufungua ukaona magunia.

Dirisha linaingia hapo. Ceph ana ukurasa wa kusimamia unaofunguliwa kwa kivinjari cha kawaida, nao huitwa dashibodi. Kijana alinionyesha katika klasta ndogo ya mazoezi iliyokuwa ndani ya kompyuta yake, maana ya kazini hakutaka kuigusa kwa ajili ya kumfurahisha mzee, na nilimsifu kwa hilo. Katika faili la maagizo analosoma Rook kuna mstari mmoja wa dashibodi. Uliokuwa umeandikwa hapana, akaufuta akaandika ndiyo. Basi. Rook akasoma, akafungua mlango namba 8443, akatengeneza mtumiaji mmoja aitwaye admin pamoja na nywila yake.

Nikasema, “Kumbe ni neno moja tu?”

“Mwalimu, neno ni moja. Kazi iko baada ya neno.”

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza, dirisha likishafunguliwa linatazama ndani ya klasta tu. Mtu aliye nje halioni mpaka umjengee njia, na njia ukiijenga ovyo mtaa mzima utapita. Pili, nywila imewekwa katika bahasha ya siri ya Kubernetes, lakini ndani ya bahasha herufi zimegeuzwa tu kwa mtindo unaojulikana na kila fundi, kwa hiyo anayeruhusiwa kuifikia bahasha hiyo huisoma mara moja. Tatu, kivinjari kilipofika mlangoni kilitoa onyo kali. Nikauliza kosa ni nini. Akasema cheti cha dirisha kimetiwa sahihi na dirisha lenyewe. Hilo nililielewa upesi kuliko yote: ni sawa na mwanafunzi aliyejiandikia mwenyewe cheti cha kumaliza shule. Katika mazoezi unaweza kumvumilia. Kazini sharti ulete cheti kilichotolewa na mwenye mamlaka.

Akaingia. Nikaona ukurasa umetulia, na alama ya kijani ikisema ghala ni zima. Nafasi iliyotumika, nafasi iliyobaki, diski tatu, zote ziko kazini. Kisha akaniambia, “Tazama, Mwalimu,” akaiua diski moja. Haukupita muda mrefu, kijani ikageuka manjano. Dirisha likasema diski ipi imeanguka, na kwamba kuna vitu ambavyo sasa vina nakala pungufu. Taarifa zilisomeka bado. Alipoirudisha diski, nakala zikajazwa tena, manjano ikaondoka.

Nilinyamaza. Kijana akadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi mwaka 1983.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni, katika wilaya ambayo sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka 33. Shule zetu zilikuwa zikitekeleza siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, tulikuwa na shamba na tulikuwa na stoo ya mahindi. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha miaka minne tu nyuma, sukari na sabuni vilikuwa habari ya kusimuliwa. Mwezi wa Machi mwaka huo ikaanza vita ya pili, ile dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikafuatiwa na sheria maalumu. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku mitaroni na porini kwa hofu ya kukutwa nazo. Sisemi vita ile haikuwa na sababu, kwani walanguzi walikuwepo na waliwatesa wananchi. Ninasema tu kwamba katika miezi ile upungufu wa gunia moja haukuwa hesabu, ulikuwa kesi.

Katika stoo yetu yakaonekana kupungua magunia 11.

Mtunza stoo alikuwa mzee mtaratibu, mkubwa kwangu kwa miaka kama 20. Mimi niliishika leja ofisini kwangu, yeye aliyashika mahindi. Alipoulizwa alisema, “Niliyatoa kwa amri ya Mwalimu. Aliniandikia karatasi, na karatasi nikamrudishia.” Nikaulizwa mimi. Nikafikiri kwa moyo safi, nikajibu kwamba sikumbuki. Leja ikafunguliwa, haikuwa na kitu. Mzee akachukuliwa. Alikaa ndani siku tisa, akaachiwa bila kushtakiwa, akafungasha vyake akaondoka usiku. Shuleni hakurudi tena, na watoto wakabaki wakimwita mwizi, nami nikawaacha.

Mwaka 1985 nilihamishwa. Nikiwa nafungasha vitabu, ndani ya muhtasari wa somo la Siasa ikaanguka karatasi. Mwandiko wangu, sahihi yangu: shule jirani ikopeshwe magunia 11 hadi mavuno. Niliiandika jioni moja nikiwa na haraka ya kusafiri kwenda mkutanoni Bukoba. Niliporudi, homa ikanilaza, na deni likasahauliwa na shule zote mbili. Sikuwa nimesema uongo. Lakini aliyelala chini sakafuni siku tisa hajui tofauti kati ya uongo na usahaulifu wa mkubwa wake.

Mwaka uliofuata nilimfuata kijijini kwake, upande wa Biharamulo, nikiwa na karatasi ile mfukoni. Alinipokea vizuri mno, akanipa kiti, mkewe akapika. Nikaitoa karatasi nikaomba radhi. Aliisoma akaikunja. Akasema, “Leja ilikuwa mezani kwako, Mwalimu, na mahindi yalikuwa kwangu. Nani angetuona sote wawili kwa pamoja?”

Nimeishi na swali hilo tangu hapo. Nilidhani ni lawama. Siku ile kibarazani, nikitazama manjano ikigeuka kijani, ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameeleza kasoro ya mtambo. Ghala lisilo na dirisha halimfichi mwizi tu. Linamficha pia mwaminifu.

Historia yetu imejaa maghala ya namna hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Hazina zikaingizwa ndani ya mashine, lakini wenye hesabu hawakuweza kuchungulia. Waliojua kilichomo walikuwa wataalamu wachache, wengi wao wageni. Jambo halikwenda vizuri, kazi ikarudishwa katika mikono na vitabu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wa leo hucheka wakisikia. Mimi sicheki. Mtu aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe anaweza kuona afadhali alibomoe. Hata hivyo dawa haikuwa kuvunja ghala. Tulichelewa kwa miaka mingi kwa kukosa dirisha.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, katika muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakajaza vilima vya Benaco. Chakula kikaletwa kwa malori yasiyohesabika. Maghala ya turubai yalikuwa makubwa, kila mtu aliyaona kwa nje. Lakini hapo mwanzo orodha za wenye kula zilikuwa mikononi mwa viongozi wa zamani wa wakimbizi wenyewe, na chakula kilipita kwao. Wakakuza idadi, na aliyeshika orodha akawa ndiye mtawala, hata kama mikono yake ilikuwa na damu. Mama mwenye watoto hakuwa na mahali pa kutazama akajua alichoandikiwa. Ugawaji ulipokuja kuelekezwa kwa kaya zenyewe, utawala ule ulipunguziwa meno. Mahindi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni nani anaona.

Baada ya kusema hayo, sitaki msomaji afikiri kwamba kila dirisha ni jema. Dirisha ambalo mtu anaweza kuingiza mkono akachota, hilo ni mlango usio na kufuli. Kijana alinieleza kwamba dashibodi ya Ceph ilipoletwa mwaka 2017 ilikuwa ya kutazama tu. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye uwezo wa kutenda: kuunda, kubadilisha, kufuta. Tangu hapo anayeingia kwa jina la admin anaweza kufuta kwa kubofya kile ambacho zamani kilihitaji fundi aandike amri ndefu na kufikiri njiani. Kwa sababu hiyo watungaji wake waliweka vyeo. Yuko msimamizi mkuu, wako wasimamizi wa sehemu mojamoja, na yuko msomaji tu, ambaye anaona yote na hagusi kitu.

Nikamuuliza, “Wewe umewapa nani jina la admin?”

“Mimi na mwenzangu mmoja. Wengine wote wa zamu ni wasomaji.”

“Na mkubwa wako?”

Akasita kidogo. “Naye ni msomaji, Mwalimu. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia kazi yake ni kuona.”

Nilimpa mkono. Si rahisi kumwambia mkubwa neno kama hilo, na ningeshukuru sana mwaka 1983 kama mtu angeniambia: leja isikae kwako peke yako, iwe mahali ambapo mtunza stoo anaiona na wewe unaiona, na kalamu iwe ya anayehusika. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ni nzuri, lakini haitaingia stoo kwa niaba yetu. Atakayeingia ni kijana kama huyu, mwenye ujasiri wa kumpa kila mtu cheo kinachomfaa, hata kikiwa kidogo kuliko anavyopenda.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba. Akataka kufunga kompyuta. Nikamwambia ngoja, nina swali la mwisho la mtihani.

“Dirisha linaniambia magunia mangapi yamebaki. Je, linaniambia nani aliyetoa, na kwa amri ya nani?”

Akafungua midomo kujibu, akaifunga. Akaanza kutafuta. Baada ya kitambo akasema kwamba uwezo huo upo: kila badiliko linalofanywa kupitia dirisha laweza kuandikwa katika kumbukumbu ya ukaguzi, pamoja na jina la aliyelifanya. Lakini linapofunguliwa dirisha, uandishi huo huwa umezimwa. Ni lazima uwashwe kwa amri yake ya pekee.

“Na kule kazini umeuwasha?”

“Hapana, Mwalimu. Sikujua.”

Sikumgombeza. Niliingia ndani nikafungua sanduku langu, nikatoa karatasi moja iliyokunjwa, imegeuka rangi ya majani makavu. Yule mzee wa stoo alinirudishia siku ile, akisema itanifaa mimi zaidi. Nikampa kijana aisome. Aliisoma mara mbili, tarehe, idadi, sahihi, kisha akanitazama usoni. Nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe.

Hakusubiri kurudi Dar es Salaam. Alimpigia simu mwenzake usiku uleule, akiwa amesimama chini ya mwembe ambako mtandao hushika vizuri, nami nikimsikia akimsomea amri herufi kwa herufi.